Ulipona kansa utotoni? Namna ya kuwasaidia watoto wanaotibiwa sasa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi waliougua kansa wakiwa watoto, wakatibiwa, wakapona, na sasa wanatamani kurudi wodini kuwasaidia wadogo zao. Tunafahamiana kwa alama. Huyu ana kovu refu tumboni pale figo yenye uvimbe wa Wilms ilipotolewa. Yule alivimba taya kwa kansa iitwayo Burkitt na leo huwezi kujua hata ukimtazama kwa karibu. Mimi nilitolewa jicho la kushoto nikiwa na miaka 3. Ilikuwa retinoblastoma, kansa inayoota ndani ya jicho la mtoto mdogo. Mifano yangu mingi itatoka huko, ila kazi ni ileile kwa kansa zote za watoto.

Kabla ya hatua, tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000, wa umri wa miaka 0 hadi 19, wanapata kansa. Katika nchi tajiri zaidi ya 80% wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki hata 30%. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba kufika 2030 angalau 60% ya watoto wenye kansa duniani wawe wanapona. Pengo hilo lina sababu nyingi: mtoto amefikishwa hospitali akiwa amechelewa, ugonjwa haukutambuliwa, dawa hazipo, damu haipo. Hizo nyingi ziko juu ya uwezo wetu. Ipo moja ambayo tunaweza kuishika kwa mikono yetu, nayo ni familia kuacha matibabu katikati. Wataalamu huhesabu kwamba matibabu yameachwa pale mtoto anapokosa dawa kwa wiki 4 mfululizo au zaidi. Wapo watoto wanaokufa kwa kansa ambayo dawa zilikuwa zimeshaanza kuishinda.

Basi yote nitakayoeleza hapa yana shabaha moja: mtoto arudi kwa mzunguko (awamu) wa dawa unaofuata. Ukileta biskuti, vizuri. Ukiimba na watoto, vizuri zaidi. Lakini jioni ukirudi nyumbani, swali la kujiuliza ni kama kuna mama ambaye leo amepata sababu moja zaidi ya kurudi.

Hatua ya 1: Jua kwanza habari za mwili wako

Wengi wetu tulitibiwa tukiwa wadogo mno kukumbuka. Kaa na mama, au papa, au kambo (bibi au babu) aliyekulea hospitalini, umuulize polepole, na uandike: ugonjwa uliitwaje, mwaka gani, hospitali gani, upasuaji upi, dawa zipi, mizunguko mingapi. Kama dosye (faili la hospitali) ipo, piga picha kila karatasi. Kama imepotea, hata rangi ya dawa inasaidia: dawa nyekundu iliyofanya mkojo uwe mwekundu pengine ilikuwa doksorubisini.

Habari hizi zina faida mbili. Ya kwanza ni afya yako. Doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwambie daktari ausikilize na kuupima, hasa wewe dada unayetarajia kubeba mimba. Dawa ya vinkristini huweza kuacha ganzi au udhaifu miguuni. Ile ya sisiplatini huweza kupunguza usikivu. Mwenye figo moja apimwe shinikizo la damu kila mwaka na asinywe dawa za maumivu hovyo, hasa ibuprofeni na diklofenaki zinazouzwa kila kona. Na sisi wa retinoblastoma tuna jambo la kwetu: kansa hii katika visa karibu 40% inatokana na hitilafu ya kurithi, ambayo mzazi anaweza kumpitishia mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Ukizaa, macho ya mtoto yachunguzwe na daktari wa macho tangu wiki za kwanza, usingoje uone kitu.

Faida ya pili utaiona wodini. Mama akikuuliza "wewe ulipewa dawa gani?" na ukamjibu kwa uhakika, anakuamini. Ukibabaika, anafikiri umetumwa na mtu kumdanganya.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, tena kwa maandishi

Usiingie wodini kama mgeni wa saa za kutembelea wagonjwa kisha ukajifanya mfanyakazi. Uwe unataka kusaidia hospitali ya Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali ya misheni, andika barua moja fupi kwa daktari mkurugenzi, na nakala kwa mkuu wa wauguzi wa wodi ya watoto. Eleza wewe ni nani, uliugua nini, unapatikana siku ipi, na utafanya nini. Taja pia usichotaka kufanya: hutagusa seramu (dripu), hutatoa dawa, hutasoma dosye ya mgonjwa bila mzazi kukuonyesha.

Kisha mwone mkuu wa wauguzi uso kwa uso. Huyu ndiye mwenye wodi. Muulize saa ambazo utasumbua watu: asubuhi daktari anapopita vitandani, na wakati wa kuchoma sindano ya mgongo. Alasiri mara nyingi ni nzuri, kwa sababu kazi zimepungua na watoto wamechoka kulala.

Ahidi kidogo. Siku moja kwa wiki, ileile, saa mbili. Mtoto aliyelazwa anahesabu siku. Ukimwambia Jumamosi, atakungoja Jumamosi. Kijana anayekuja kila siku kwa mwezi mmoja kisha akapotea anaacha jeraha kubwa kuliko yule asiyekuja kabisa.

Sharti jingine ambalo usilisubiri uambiwe: usikae na mtoto peke yako mahali palipofungwa. Mzazi au muuguzi awe anawaona. Na hakuna picha. Simu ikae mfukoni. Hata mama akikubali, mtoto mwenye kichwa kipara na jicho lililofungwa bendeji hataki kujikuta kwenye hali ya WhatsApp ya mtu asiyemjua, na baada ya miaka 10 picha hiyo bado itakuwa inazunguka mitaa yetu ya Katuba na Kenya.

Hatua ya 3: Usilete ugonjwa

Dawa za kimio, yaani dawa za kansa, huua chembe zinazozaana haraka. Kansa ni hizo, lakini chembe nyeupe za damu nazo ni hizo, pamoja na mizizi ya nywele na ngozi laini ya mdomo na utumbo. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dawa, mtoto anaweza kubaki karibu hana askari mwilini. Mafua yako madogo yanaweza kuwa makubwa kwake.

Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni na maji ukiingia, na tena kabla ya kumgusa kila mtoto. Kata kucha, vua pete. Ukiwa na kikohozi, kuhara, jipu au homa, baki nyumbani na upige simu kueleza. Nyumbani kwenu kukiwa na mtoto mwenye surua au tetekuwanga, usije kabisa mpaka muuguzi akuruhusu, hata kama wewe mwenyewe u mzima. Nchi yetu inaijua surua. Mlipuko ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto. Na ukisikia kwamba mtoto wa wodi amecheza na mwenzake mwenye surua, mwambie muuguzi siku hiyohiyo.

Chakula nacho kina utaratibu. Kila kitu kiwe kimepikwa na kiwe cha moto. Bukari, sombe, samaki aliyeiva vizuri, yai lililochemshwa hadi kiini kigumu: sawa. Matunda yawe ya kumenya, na uyamenye mbele yao baada ya kunawa: ndizi, chungwa, embe. Munkoyo wa kununua barabarani, maji ya mfuko usiyojua yametoka wapi, karanga zilizoota ukungu, saladi mbichi: hapana. Muulize mama kwanza, kwa sababu huenda mtoto amekatazwa kula kwa ajili ya upasuaji wa kesho.

Hatua ya 4: Kaa na mtoto kama mtu, ongea naye ukweli

Siku za mwanzo, kaa tu. Beba karatasi na kalamu za rangi, kamba, vifuniko vya chupa. Mtoto akigeukia ukutani, mwache, lakini usiondoke haraka. Atakuchungulia.

Watoto wa miaka 3 hadi 6 huogopa kwamba wanaadhibiwa. Wasikie kwa kinywa chako: "Hukufanya kosa lolote. Ugonjwa huu hauletwi na utundu." Wenye miaka 7 hadi 11 wanataka kujua vitu vinavyofanya kazi: seramu inakwenda wapi, kwa nini mkojo umekuwa mwekundu, nywele zitarudi lini. Waambie nywele hudondoka wiki 2 au 3 baada ya dawa kuanza na hurudi miezi michache baada ya dawa kwisha. Wakubwa zaidi wanajua mengi kuliko wazazi wanavyodhani. Wamesikia minong'ono usiku. Usiwatajie ugonjwa wao kwanza. Muulize mzazi mtoto ameshaambiwa nini. Lakini kijana akikuuliza "nitapona?", usiseme "utapona" kama mchungaji anayetoa unabii. Sema unachokijua: "Mimi nilikuwa na kansa, nilimaliza dawa, niko hapa. Wewe dawa zako bado zinaendelea. Daktari ndiye anayeweza kukuambia zinafanyaje. Unataka tumuulize pamoja?"

Sindano inakaribia? Usiseme haitauma. Sema itauma kidogo halafu itaisha, kisha mpe kazi: apulize pumzi polepole hadi uhesabu 10, au akuminye mkono kwa nguvu zake zote. Mtoto aliyedanganywa mara moja humkataa hata muuguzi mwema.

Hatua ya 5: Mama na papa, hapo ndipo kazi ilipo

Mtoto hajiachishi matibabu. Anaachishwa na watu wazima, na mara nyingi kwa sababu ambazo ukizisikiliza vizuri zina mantiki yake. Nieleze tatu ninazozisikia zaidi.

Ya kwanza: "Ameshapona." Burkitt ndio mfano mkubwa. Uvimbe huu, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, hukua kwa kasi ya kutisha; unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyohiyo dawa huuyeyusha haraka. Taya lililokuwa kama limebeba yai linarudi chini ndani ya siku chache, mtoto anaanza kula bukari, na papa anasema twende nyumbani, feza zimekwisha. Chembe zilizobaki hazionekani kwa macho. Hapo maneno ya daktari pekee hayatoshi, wewe uliyevimba taya keti na papa umwambie: "Mimi pia lilishuka baada ya dawa ya kwanza. Mama hakunitoa. Nilipewa zote." Kama anauliza kwa nini dawa zaidi, mwambie ni kama palizi ya shamba la mahindi: ukikata magugu juu tu, mvua moja inayafufua, na ndiyo maana jembe linarudi mara ya pili na ya tatu, hata kama mahindi machache yanaguswa.

Ya pili: "Dawa zinamuua." Mtoto aliingia akicheza, sasa anatapika, ana vidonda mdomoni, hana nywele, hapati choo siku ya nne kwa sababu ya vinkristini. Mama anaona kwa macho yake kwamba hospitali imemharibu mwanawe. Usimwambie avumilie. Muulize leo ni siku ya ngapi tangu dawa, mweleze siku mbaya zaidi ni zipi na lini zitapita, kisha mpeleke kwa muuguzi aeleze tatizo moja moja, maana kutapika kuna dawa, kukosa choo kuna dawa, na vidonda vya mdomo husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mama anayejua kwamba kesho kutwa mtoto atainuka anaweza kungoja.

Ya tatu ndiyo yangu: "Hawatalitoa jicho la mwanangu." Retinoblastoma huanza kama mng'ao mweupe kwenye mboni, unaoonekana jioni taa ikimpiga mtoto usoni, au kengeza lililozuka ghafla. Mtoto halii, anacheza, anakula. Halafu daktari anasema jicho litolewe. Fikiria uzito wa neno hilo kwa mama ambaye mtoto wake hana hata homa. Familia nyingi huondoka usiku huo, zinarudi baada ya miezi jicho likiwa limetoka nje ya kope, na wakati huo kansa imeshapita kwenye mshipa wa jicho kuelekea ubongoni. Ikikamatwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi sana wanapona. Ikitoka, kuponya ni vigumu mno.

Mimi nafanya hivi. Nakaa upande wake wa kulia ili aone jicho langu la kushoto kwa muda bila mimi kusema kitu. Naongea habari za nyumbani, ametoka wapi, ana watoto wangapi. Baadaye namuuliza: "Mama, unaona tofauti kati ya macho yangu?" Wengi hawajaiona. Namwambia lipi ni la plastiki, na akitaka nalitoa, nalisafisha, nalirudisha mbele yake. Namweleza kwamba upasuaji hufanywa mtoto akiwa amelala kwa dawa, kwamba jicho la bandia huwekwa baada ya wiki kadhaa kidonda kikishapona, kwamba hubadilishwa kadiri uso unavyokua. Namweleza pia magumu: watoto shuleni walinicheka, na navaa miwani kila siku kulinda jicho lililobaki. Nikificha hayo, hataamini mengine. Halafu namuuliza swali ambalo ni la lazima Katanga: "Nani nyumbani anapaswa kukubali?" Maana mara nyingi mama hana neno la mwisho. Ni papa aliyeko mgodini Kolwezi, ni mjomba, ni kambo. Ombeni simu ipigwe, na kama mwenye uamuzi yuko mjini, aje aone jicho hili kwa jicho lake. Uamuzi ni wao. Ninachokikataa ni uamuzi kufanyika bila mtu yeyote wa familia kuwahi kumwona aliyepona.

Hatua ya 6: Kabla hawajaenda nyumbani

Hapa nataka uwe mkali na makini. Familia inaporuhusiwa kwenda nyumbani kati ya mzunguko na mzunguko, hakikisha muuguzi amewafundisha mambo ya homa, na wewe wasikilize wakiyarudia kwa maneno yao.

Kipimajoto kiwepo nyumbani. Ni kitu cha bei ndogo. Kama kuna zawadi moja ya kununua, nunua hicho kabla ya mwanasesere. Joto likifika 38, mtoto anarudi hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku. Asipewe kwanza dawa ya malaria ya farmasi ya jirani "tuone", kwa sababu homa ya mtoto asiye na chembe nyeupe inaweza kumuua kabla ya mapambazuko. Asipewe parasetamoli kabla ya kupiga simu, maana inaficha joto huku maambukizi yanaendelea. Asichomwe sindano ya takoni katika zahanati ya mtaa. Joto lipimwe kwapani, kamwe si kwa nyuma.

Na lavema, dawa ya kutiwa kwa nyuma. Najua kwetu mtoto akikohoa, lavema. Akikosa choo, lavema ya majani. Kwa mtoto anayekunywa kimio ngozi ya ndani ya utumbo imekuwa nyembamba, na kumtilia kitu kwa nyuma kunaweza kuingiza vijidudu moja kwa moja kwenye damu. Vivyo hivyo kuchanja chale. Liseme waziwazi, bila kumdharau bibi aliyelea watoto 9 kwa lavema. Kambo akiambiwa sababu kwa heshima, yeye mwenyewe anakuwa mlinzi wa kwanza.

Mtoto mwenye uvimbe wa tumbo ambao haujatolewa asikandwe wala kubinywa tumbo na yeyote, hata na mwombeaji kanisani.

Hatua ya 7: Daftari la tarehe

Nunua daftari moja la kurasa 100. Kwa ruhusa ya mzazi na ya mkuu wa wauguzi, andika: mtoto (herufi za kwanza za jina zinatosha), wanatoka wapi, simu mbili, moja ya mzazi na moja ya jirani au shangazi, na tarehe ya kurudi. Namba ya pili ndiyo yenye thamani, kwa sababu simu za wazazi hufungwa, huibwa, huuzwa kulipia dawa.

Siku 3 kabla ya tarehe, piga. Usiulize "mtakuja?", uliza "mnasafiri kwa nini na saa ngapi?" Anayekuja atakuwa na jibu. Asiyekuja atanyamaza, na ukimya huo ndio unaoufanyia kazi: ni feza ya basi, ni msiba, ni mume amekataa, ni mtoto mwingine mgonjwa. Kutoka Kipushi ni kilomita 30 hivi, kutoka Likasi ni kama 120, na hizo ni rahisi. Wanaotoka Kasenga, Mitwaba au Pweto wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, wanahitaji kuanza safari mapema kwa siku kadhaa. Waambie tangu mwanzo, na umuulize daktari kama tarehe inaweza kusogezwa ikajulikana mapema. Mtoto wa mbali pengine ni heri abaki mjini kati ya mizunguko. Tafuta ndugu yao Ruashi, Kampemba, hata kanisa lao lenye chumba.

Tarehe ikipita bila mtu kuonekana, mjulishe muuguzi siku ileile, piga namba ya pili kesho yake. Usingoje wiki.

Hatua ya 8: Feza na damu

Usipokee feza ya mtu kwa namba yako ya M-Pesa au Airtel Money kwa jina la mtoto, hata kwa nia njema. Atakayetaka kusaidia aende naye mzazi kwa keshia, risiti iandikwe jina la mgonjwa. Deni likianza kukua, ongozana na mama kwenye ofisi ya huduma za jamii mapema. Familia inayoogopa kuzuiwa hospitalini kwa ajili ya deni hutoroka, na inayotoroka hairudi kwa mzunguko unaofuata, kwa kuwa deni linawangoja mlangoni.

Damu ni msaada ambao marafiki zako wazima wanaweza kuutoa bila faranga moja. Mwanaume mzima wa afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya 4. Tengeneza orodha ya watu 10 wa kwaya yako au wa fakalte yako wenye kujua makundi yao ya damu, na siku banki ya damu ikikosa, una wa kuwapigia. Wewe mwenyewe uliyetibiwa kansa muulize daktari kwanza. Huenda wasikukubali kuchangia.

Hatua ya 9: Bulozi na maombi

Watasema mtoto amelogwa. Wakati mwingine, na hili linaumiza zaidi, watasema mtoto mwenyewe ndiye mlozi. Ukisikia hilo la pili, usiliache lipite: mwambie muuguzi na ofisi ya huduma za jamii, kwa sababu mtoto anayeitwa mlozi hulazwa njaa, hupigwa, huachwa. Kuhusu la kwanza, sibishani. Nasema: "Maombi yaendelee, na dawa ziendelee." Mchungaji akiwazuia, omba kumwona. Wapo wachungaji waliokuja wodini, wakaomba kando ya seramu, na tangu hapo wao ndio wanaokumbusha tarehe madhabahuni. Kwa dawa za miti, ombi langu ni moja tu: daktari aambiwe. Mama hatasema kama anajua atafokewa, kwa hiyo nenda naye.

Hatua ya 10: Mtoto akifa

Itatokea. Nenda kwenye kilio kama unavyoenda kwa jirani: keti, toa mchango mdogo, usieleze sababu za kitabibu. Usimwambie mama kwamba wangekuja mapema. Anajua.

Wodini watoto wengine watauliza yuko wapi. Usiseme amerudi nyumbani. Waliona kitanda, walisikia kilio. Waulize wazazi wao kwanza, kisha sema kwa ufupi kwamba amekufa, kwamba tunamlilia, na kwamba ugonjwa wa kila mtoto una njia yake. Wewe nawe utauliza kwa nini yeye na si wewe. Mtafute mwenzako aliyepona mzungumze, na kama wiki mbili zinapita hulali wala huli, pumzika mwezi mzima. Mwambie mkuu wa wauguzi, waage watoto vizuri, na mpe mwenzako daftari ili simu za tarehe zisikatike.

Hatua ya 11: Shule

Matibabu yakikaribia kwisha, anza habari ya shule kabla mtoto hajatoka. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, kwa hiyo kizuizi kikubwa mara nyingi ni aibu na hofu. Nenda na mzazi kwa mkurugenzi, mweleze mambo machache: kansa haiambukizi, si kwa kikombe wala kwa dawati, mtoto atakuwa na siku za kukosa kwa ajili ya kupimwa, akipata homa mzazi aitwe mara moja, darasani kukizuka surua, nyumbani waambiwe siku hiyo. Ukiruhusiwa, ongea na darasa kwa dakika 10 na uwaache waulize chochote.

Mwenye jicho moja akalishwe mbele, kwenye upande unaofanya jicho linaloona lielekee ubao na wenzake. Asirushiwe mpira usoni, avae miwani hata wakati wa kucheza. Mwenye miguu iliyodhoofishwa na vinkristini apewe muda kupanda ngazi. Mwaka aliopoteza usimlazimishe kuuruka. Arudie darasa akiwa na nguvu, na mtaarifu mwalimu tarehe za kliniki kwa karatasi, muhula kwa muhula, ili asimwandikie utoro.